Ndoto ya Saa Tisa Alasiri

Mara ya kwanza alipoota mama yake amekufa, ilikuwa mchana kweupe. Alikuwa ametoka kazini, amemgeuza mama, amemlisha uji, amemfuta mdomo, kisha akajitupa kwenye kochi bila hata kuvua viatu. Usingizi ukambeba mara moja. Kwenye ndoto akaona ua umejaa watu, viti vimepangwa, wanawake wanapishana na mabeseni mikononi. Hakuna aliyemwambia neno, lakini alijua. Akapita katikati yao, akaingia chumbani kwa mama, akakuta kitanda kimetandikwa shuka safi na hakuna mtu juu yake. Akafungua dirisha. Halafu akapanda pale kitandani mwenyewe, akanyoosha miguu, akalala.

Kilichomwamsha ni kijiko. Mama yake alikuwa na mtindo wa kuita kwa kugonga kijiko kwenye chuma cha kitanda, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa haufanyi kazi tena. Ngo, ngo, ngo. Binti akafumbua macho, akasikia ule mlio, na kabla hajawaza lolote moyo ukamshuka. Mtu akiota mama yake kafa, kisha akaamka akamkuta hai, hushukuru Mungu. Yeye alihisi kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Alikaa pale kwenye kochi, mkono mdomoni, mpaka kijiko kikagonga tena.

Kazini walimwita Cherehani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mshonaji wa chumba cha mashuka katika hospitali kubwa ya serikali, huko chini kabisa, jirani na mashine za kufulia, penye mvuke na harufu ya sabuni ya unga saa zote. Shuka ikichakaa katikati, yeye ndiye aliyeipasua kwa urefu, akazileta kingo katikati, akaziunga, shuka ikapata maisha mengine. Kamba za magauni ya wagonjwa, mifuko ya makoti ya madaktari, foronya zilizong'atwa na watu wenye maumivu, vyote vilipita chini ya sindano yake. Mwenzake mle chumbani alikuwa mwanamume wa makamo waliyemwita Pasi, kwa kuwa alisimama kwenye ile pasi kubwa ya mvuke tangu ujana wake, mpaka nyusi zikamwisha kwa joto. Pasi alikuwa na mzaha kwa kila jambo isipokuwa mkewe.

Nyumbani Cherehani alikuwa na mama tu. Mume aliwahi kuwapo. Mwaka wa pili wa ugonjwa wa mama alisema anakwenda kwao kupumzika wiki mbili, akabeba begi dogo, na wiki mbili hizo mpaka leo hazijaisha. Watoto hawakujaliwa.

Mama mwenyewe, enzi zake, alikuwa matroni wa bweni la wasichana, mwanamke wa kimo na sauti ya king'ora. Akikohoa tu getini, bweni zima taa zinazimika. Kiharusi kilimkuta amesimama, anagawa sabuni. Kilimchukua upande wote wa kulia, na ile sauti kikaivunja vunja. Maneno yalimtoka yamelegea, hayana mifupa, na aliyeyaelewa alikuwa mtu mmoja tu, binti yake. Tena kulikuwa na jambo jingine. Tangu siku ile mama hakuweza kulia. Akiumia, akihuzunika, akiogopa, kilichomtoka kilikuwa kicheko. Daktari alieleza kuwa ni ugonjwa, kichwani kuna njia zilizochanganyika. Wageni wakikisikia walisema, "Jamani, bibi ana furaha huyu!" Binti alijua kukitofautisha. Kicheko cha kweli kilikuwa kifupi, kama mtu anayeguna. Kile kingine kilikuwa kirefu, hakina pumzi.

Miaka saba walikaa hivyo. Kumgeuza kila saa mbili, mto katikati ya magoti, kumkalisha wima kabla ya kumlisha, kumwinamisha kidevu ili uji usipite njia ya hewa. Saa kumi na moja alfajiri Cherehani alikuwa ameshamwogesha. Akienda kazini, jirani mmoja, msusi aliyesukia watu barazani kwake, alikuwa akija kumwangalia na kumgeuza. Saa tisa alasiri Cherehani alikuwa amerudi. Hapo katikati, kati ya uji wa alasiri na kazi za jioni, kulikuwa na nusu saa ya kujinyoosha, na ndoto ikapata humo mlango wa kuingilia.

Ikarudi wiki iliyofuata. Kisha ikawa inarudi kila baada ya siku mbili tatu, na kila ikirudi inaongeza kitu. Mara anakunja nguo za mama. Mara anasugua godoro juani. Mara kitanda kimetolewa, na mahali kilipokuwa sakafu ina rangi tofauti, naye amesimama pale anatazama nafasi ilivyo kubwa. Katika ndoto zote hizo hakulia hata mara moja. Akiamka, kijiko. Na moyo unashuka vilevile.

Akaanza kuuliza watu maana yake.

"Ndoto huja kinyume," Pasi alimwambia, huku anabana shuka kwenye pasi na mvuke unapanda. "Ukiota msiba, ujue kuna harusi."

"Harusi ya nani sasa? Yangu au ya mama?"

"Ya kwangu, pengine. Ila mke wangu usimwambie."

Wakacheka, kazi ikaendelea.

Msusi naye alikuwa na jibu lake. "Shoga yangu, hapo umemwongezea umri! Ukimwota mtu kafa, mhesabie miaka kumi mingine."

"Kumi?"

"Kumi mizima!" Msusi aliisema kwa furaha, kama mtu anayempa mwenzake habari njema. Cherehani akamshukuru, akaingia jikoni kwake, akafungua bomba, akasimama ameshika kingo za sinki, maji yanamwagika bure.

Siku moja alipopeleka magauni wodi ya wanawake, alimuuliza muuguzi mkuu, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi. Muuguzi alikuwa anaandika kwenye faili, wala hakuinua kichwa.

"Nani anakupokea zamu nyumbani?"

"Nikiwa kazini jirani anatupia jicho."

"Sijauliza kazini. Ukirudi, nani anakupokea?"

"Hakuna."

"Basi hiyo ndiyo maana yake. Umechoka. Magauni weka pale."

Cherehani alishuka ngazi amefura kwa hasira, na hasira yenyewe hakuijua ni ya nini.

Lile la moyo kushuka alikuwa hajamwambia mtu. Lilimtoka siku ya kusukwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeinamishwa, vidole vya msusi vinavuta nywele, na mtu akikushika kichwa hivyo bila kukutazama usoni mdomo hufunguka wenyewe. Akasema, "Nikiamka nikakuta yuko hai, naumia." Vidole vikasimama kidogo. Kisha vikaendelea. Msusi hakusema kitu, na kwa msusi hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Jioni ile ile akaamua kumwambia mama mwenyewe. Ilimtoka akiwa anampaka mafuta miguuni, hakumtazama.

"Mama, naota umekufa. Naota mara kwa mara."

 Jicho la kushoto la mama, lililokuwa bado kali kama la matroni, likamganda.

"Na nikiamka..." Cherehani akashindwa kumalizia.

Mama akafungua mdomo. Maneno yalichukua muda kutoka, moja moja, yanaburuzwa. Alisema, "Hata mimi."

"Hata wewe nini?"

"Naota nimekufa. Natembea. Nagawa sabuni." Akapumzika. "Nikiamka, nakuta miguu hii. Naumia."

Wakatazamana. Ndipo mama akatoa kile kicheko kirefu kisicho na pumzi, na binti akakilaza kichwa chake kwenye lile tumbo linalotikisika, akalia kwa niaba ya wote wawili. Baadaye mama akasema neno moja zaidi, na alilisema mara mbili ili lisikosewe: kaka yako asijue.

Lakini hapo tayari maji yalikuwa yamemwagika. Msusi hakuwa na roho mbaya. Mdomo wake tu haukuwa na breki. Miongoni mwa vichwa alivyovisuka wiki ile kilikuwamo cha wifi yake Cherehani, mke wa kaka mkubwa. Wifi alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye sauti ya taratibu, na alimtembelea mgonjwa mara nne kwa mwaka, akisimama mlangoni. Kaka mkubwa alikuwa fundi mkuu wa karakana ya magari, mtu wa kazi, mpole, ila ni wale wapole wanaobebwa na neno la mwisho walilolisikia.

Jumapili mchana wakaja. Kaka, wifi, na mjomba, mdogo wake mama wa mwisho, aliyekuwa mstaafu wa posta na ambaye kila kikao cha ukoo kilimfanya ajikohoze kama hakimu. Msusi naye aliitwa, akaketi karibu na mlango, macho chini. Mama alikuwa chumbani kwake, pazia tu katikati.

Mjomba akajikohoza. "Mwanangu, tumesikia mambo. Hatukuja kugombana. Tunataka tusikie kwako wewe. Ni kweli unamwota dada yangu amekufa?"

"Ni kweli, mjomba."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Wifi akaingilia kwa upole wake. "Wifi yangu, sisi hatukulaumu. Ila mtu haoti kitu kisichokuwapo moyoni mwake. Na wewe ndiye unayempikia, ndiye unayempa dawa. Tunaogopa tu. Hata ungekuwa wewe ungeogopa."

 Cherehani alielewa anashukiwa nini.

"Na ukiamka," mjomba akauliza, "unajisikiaje?"

Hapo angeweza kudanganya. Neno moja lingetosha, watu wangekunywa chai wakaondoka. Lakini katika miaka yote saba hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kumuuliza anajisikiaje. Swali lilipokuja lilikuja kama mtego, naye alikuwa amechoka kiasi kwamba alilipokea kama swali.

"Najisikia vibaya kwamba ni ndoto," akasema.

Msusi alifunika uso kwa khanga. Kaka mkubwa akasimama, akaketi tena. Wifi alimtazama mumewe, na hapo kikao kilikuwa kimekwisha.

Ndipo sauti ya mama ikapanda nyuma ya pazia. Wakaenda wote. Mama alikuwa amejivuta mpaka nusu ya mto, jasho linamtoka, anasema na kusema, maneno yanabanana mdomoni kama watu kwenye mlango mwembamba.

"Anasema nini?" kaka akauliza.

"Anasema hata yeye anaota hivyohivyo. Anasema haendi popote. Anasema yuko kwake."

"Yote hayo?" wifi akauliza. "Mimi nimesikia aa na uu."

Kaka akainama kitandani. "Mama, twende kwangu. Kuna chumba kizuri, chini hapo hapo, hakuna ngazi. Nitakutunza mwenyewe. Sawa, mama?"

Mama akacheka. Akacheka kile kicheko kirefu, mabega yanaruka, jicho limetoka.

"Mnaona!" kaka akasema, na machozi ya furaha yakamlenga. "Mama anafurahi. Jamani, anafurahi."

"Hapo hacheki mtu kwa furaha!" Cherehani akapiga kelele. "Huko ndiko kulia kwake, kaka! Daktari alisema! Muulize jirani!"

Wakamgeukia msusi. Msusi, maskini, alikuwa amechanganyikiwa kiasi cha kusahau jina lake. Akasema, "Mimi... mara nyingine huwa anacheka tu."

Wakamchukua jioni ile ile, amelazwa kiti cha nyuma cha gari, kichwa mapajani mwa wifi. Cherehani aliandika maelekezo kwenye karatasi ya daftari, mstari kwa mstari: kumgeuza kila saa mbili, kumkalisha wima, kidevu chini, uji uwe mzito. Mwandiko ukawa kama wa mtoto. Wifi akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akasema, "Usijali."

"Kaa kwanza upumzike," kaka akamwambia dirishani. "Wiki mbili hivi usije, mpaka azoee."

Naye akakubali. Hilo ndilo alilokuja kulitafuna baadaye kuliko yote. Hakubisha, hakulala mbele ya gari. Aliingia ndani, akakaa kwenye kochi, akalala masaa kumi na mawili bila kugeuka. Kesho yake alitoka kazini, akalala tena. Ndoto haikuja hata siku moja. Siku ya nne alijikuta anaimba wakati wa kufagia. Siku ya sita Pasi alimwambia, "Leo una uso," naye akacheka, akaona haya. Alipiga simu mara mbili. Wifi alimjibu mama anaendelea vizuri, anakula, anatazama televisheni. Alitaka kuamini, akaamini.

Siku ya kumi na tano akaenda.

Kilikuwa chumba kizuri kweli. Vigae sakafuni, pazia jipya, feni darini, televisheni ukutani inaongea peke yake. Mama alikuwa amelala chali, amefunikwa shuka nyeupe mpaka kidevuni, mikono juu yake kama iliyopangwa. Alikuwa amepungua nusu. Cherehani alisimama mlangoni akavuta pumzi, na kabla ya macho, pua ndiyo ikamweleza. Hospitalini miaka kumi na tisa mtu haikosei harufu ile.

"Mnamgeuza?" akauliza.

"Binti wa kazi anamgeuza," wifi akasema. "Ila akigeuzwa anacheka sana, tukaona anatekenyeka, anasumbuka. Tunamwacha apumzike."

Cherehani akafunua shuka, akampitishia mama mkono mgongoni, akamlaza ubavu. Juu kidogo ya makalio kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja, cheusi pembeni, na katikati kimechimbika. Kilikuwa kimepakwa poda ya watoto.

"Ni joto tu hilo," wifi akasema, sauti yake ya taratibu sasa inayumba. "Tunapaka poda."

Mama hakucheka. Alikuwa amefika mahali ambapo hata hicho hakikuwapo. Alimtazama binti yake na kusema neno, na neno lilikuwa dogo kiasi kwamba Cherehani alilazimika kuweka sikio mdomoni. Alisema, "Umechelewa."

Kaka aliporudi kutoka karakanani walipigana kwa maneno barazani mpaka majirani wakachungulia. Cherehani alitaka mama apelekwe hospitali saa ile ile. Kaka alisema ataita daktari nyumbani, kesho. Alikuwa anaongea huku anatazama chini, mafuta ya magari bado kwenye kucha, na ilionekana wazi hataki kuingia chumbani kuona. "Umekuja kututafutia makosa," wifi akasema. Daktari wa nyumbani alikuja kesho kutwa yake, akaangalia, na hakukaa hata dakika tano. Gari la wagonjwa likaitwa.

Hivyo mama akafika wodi ya wanawake, siku ya kumi na saba, ghorofa mbili juu ya chumba cha mashuka. Daktari aliwaambia mambo mawili. Kidonda kimetia sumu mwilini, na uji umekuwa ukiingia kwenye mapafu, maana alikuwa analishwa amelala. Alisema kwa lugha ya kistaarabu, bila kumnyooshea mtu kidole. Kaka mkubwa alisikiliza huku anapangusa paji la uso kwa kitambaa kilekile tena na tena.

 Muuguzi mkuu aliweka kiti karibu na kitanda, akamwambia Cherehani, "Kaa. Nimeshaongea na wa chini." Chini, Pasi alikuwa anashika kazi za watu wawili, na ingawa kushona hajui, kamba za magauni alizifunga mafundo.

Siku ya kumi na nane kaka alikuja peke yake. Alisimama miguuni pa kitanda, mtu mzima wa kilo tisini, anafinya funguo za gari. Mama alikuwa anatoa sauti, ndogo, inakatika.

"Anasema nini?" akauliza. Safari hii aliuliza kweli.

"Anasema umgeuze."

"Mimi?"

"Ametaja jina lako. Njoo. Mkono huu chini ya bega. Huu hapa, kwenye nyonga. Usimvute, mviringishe. Taratibu."

Akamgeuza. Alimgeuza vibaya; injini nzima aliweza kuishusha kwenye gari lakini mama yake mwenyewe alimshinda. Bandeji ilikuwa imelowa. Alipoiona, na alipoiona tena vizuri, akatoka nje kwenye korido, na wagonjwa wote wa upande ule wakamsikia.

Mama alikufa siku ya pili yake, saa nne asubuhi, wakati chai inagawiwa. Kikombe cha mgonjwa wa jirani kilikuwa kinatoa moshi, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa dawa, redio ya mlinzi inasoma habari za michezo dirishani. Cherehani alikuwa amemshika ule mkono wa kushoto. Hakuona ua, wala viti, wala dirisha lolote la kufungua. Alisubiri ile nafuu ya ndotoni ije, kwa sababu alikuwa amejiandaa kuionea haya. Haikuja. Kulikuwa na mkono tu, na baadaye kidogo ukawa mkono mwingine.

Msibani watu walikuwa wengi. Wasichana wa bweni la zamani, sasa wanawake wenye mvi, walikuja wakisimulia jinsi walivyoogopa kikohozi chake. Wifi alikuwa anagawa maji. Alipomfikia Cherehani alisimama, akasema kwa sauti ambayo watu watatu wanne wangeweza kuisikia, "Basi wifi, ile ndoto yako imetimia."

Cherehani alipokea glasi. "Haikutimia," akasema. "Kwenye ndoto yangu mama hakuwa na kidonda."

Wifi akaendelea na safari yake ya glasi. Kaka, aliyekuwa ameketi karibu, alisikia, na hakuinua uso. Tangu hapo hawajagombana, wala hawajaongea yaliyo ya maana. Hupigiana simu sikukuu, wanaulizana afya. Inasemekana wifi bado huwasimulia watu kwamba kuna ndoto zinazoua. Msusi alihama baraza baada ya miezi miwili. Alikuja kuaga, akalia sana, akataka kumsuka bure. Cherehani alikaa kwenye kigoda akasukwa, na hakuna aliyesema kitu mpaka mwisho.

Alirudi kazini wiki ya pili. Mashuka yalikuwa yamepanda mpaka usawa wa dirisha. Alishona siku nzima, na siku iliyofuata, na ilipofika Alhamisi, katikati ya mshono, akasimamisha mashine.

"Pasi."

"Naam."

"Zile siku alizokuwa kwa kaka, nilikuwa nalala. Nilikuwa nalala vizuri, nasema kweli. Mwenzangu anaoza, mimi naimba na ufagio."

Pasi alikuwa na shuka kwenye pasi, mvuke unapanda. Cherehani alisubiri mzaha. Alikuwa anauhitaji au anauogopa, hakujua. Pasi akainua kifuniko cha pasi, akazima swichi, jambo ambalo halikufanyika mle ndani katikati ya zamu tangu mashine ile inunuliwe. Akavuta sanduku la sabuni, akaketi. Pasi ilitoa mlio ikipoa. Walikaa hivyo, yeye na mikono yake mikubwa isiyo na vinyweleo imelala magotini, mpaka mtu wa wodi ya watoto akagonga mlango kuulizia foronya.

"Bado," Pasi akamjibu. "Mwambie sista asubiri kidogo."